Kompyuta Inafanya Kazi Vizuri: Je, Kuna Haja ya Kusasisha Draiva?

Swali hili hutufikia mara kwa mara kutoka kwa watumiaji wa kompyuta za nyumbani na za biashara ndogondogo. Kompyuta inawaka bila tatizo, printa inachapa, sauti inasikika. Kisha linatokea dirisha kwenye skrini likidai kwamba draiva kadhaa zimepitwa na wakati, na kwamba mtumiaji abofye hapo, au alipie, ili zisasishwe. Je, atii?

Draiva ni programu inayouwezesha mfumo endeshi, kama vile Windows, kuwasiliana na kifaa fulani: printa, kadi ya michoro, spika au kamera. Mfumo endeshi haujui lugha ya kila printa iliyotengenezwa duniani. Draiva ndiyo mkalimani. Mkalimani huyo ana mamlaka makubwa, kwa kuwa draiva nyingi hufanya kazi katika kiini cha mfumo, mahali ambapo programu za kawaida haziruhusiwi kufika. Ndiyo maana draiva mbovu inaweza kuangusha kompyuta nzima, ilhali programu ya kuandikia barua ikiharibika kwa kawaida hujifunga yenyewe tu.

Msimamo wetu ni kwamba umri wa draiva peke yake si sababu ya kuibadilisha. Draiva haichakai kama tairi. Toleo jipya mara nyingi huhusu vifaa ambavyo mtumiaji hana, au hurekebisha hitilafu za michezo ambayo hachezi. Lina gharama pia: draiva ya kadi ya michoro ya NVIDIA huweza kuzidi megabaiti 500, kiasi kisicho kidogo kwa anayenunua bando. Tena lina hatari zake. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI, inayotengeneza chipu za kuunganisha vifaa kwa waya wa USB, ilitoa draiva iliyosambazwa kupitia Windows Update. Draiva hiyo ilizifanya chipu bandia zilizoiga za kampuni hiyo ziache kutambuliwa na kompyuta. Mnunuzi wa kawaida hakuwa na njia ya kujua kwamba ndani ya waya wake mlikuwa na chipu bandia; alichokiona ni kifaa kizima kilichokufa ghafla. Baada ya malalamiko, draiva hiyo iliondolewa.

Hata hivyo, kauli ya mafundi wengi kwamba kisichoharibika kisiguswe haitoshi. Kompyuta inayokwenda vizuri si lazima iwe salama. Julai 2021 watafiti wa usalama walitangaza udhaifu katika draiva ya printa iliyokuwa ikisambazwa tangu mwaka 2005 pamoja na aina nyingi za printa za HP, Samsung na Xerox. Kwa miaka 16 printa hizo zilichapa bila kuonyesha dalili yoyote, ilhali programu hasidi iliyokwisha kuingia kwenye kompyuta ingeweza kuutumia udhaifu huo kujipatia mamlaka yote ya msimamizi wa mfumo. Tufikirie steshenari inayopokea flashi za wateja kutwa nzima, zikiwa na vyeti na nakala za vitambulisho. Mwenye duka kama huyo hawezi kujipima usalama kwa kuangalia kama printa inachapa.

Kwa hiyo mtumiaji aulize: toleo hili jipya linaziba nini? Likiwa linaziba udhaifu wa kiusalama, liwekwe mapema. Kifaa kikianza kusumbua, au mfumo endeshi ukibadilishwa, sababu ipo pia. Nje ya hapo, draiva iachwe. Tunashauri Windows Update isizimwe, kwani ndiyo njia rahisi ya kupata masasisho ya usalama. Zile draiva zinazoorodheshwa kama za hiari zinaweza kusubiri. Anayehitaji draiva mahususi aichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta au kifaa, kwa kutumia namba ya modeli.

Programu za kulipia zinazojitangaza kuwa zinatafuta draiva zilizochakaa hatuzipendekezi. Onyo linalotolewa na anayeuza tiba lina walakini. Mwaka 2019, nchini Marekani, kampuni za Office Depot na Support.com zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 kumaliza shauri la mamlaka ya ulinzi wa walaji, iliyodai kuwa programu yao ya kupima kompyuta iliwaonyesha wateja matatizo ya uongo ili wanunue huduma za matengenezo. Fundi naye aombwe kutaja ni draiva ipi anaibadilisha, na kwa nini, kabla ya kulipwa.

Anayeamua kusasisha asifanye hivyo usiku wa kuamkia kazi ya haraka. Kwanza atengeneze nukta ya kurejesha mfumo, kisha asasishe draiva moja baada ya nyingine ili tatizo likitokea chanzo chake kijulikane. Mambo yakiharibika, afungue Device Manager, achague kifaa husika, aingie sehemu ya Driver na kubofya Roll Back Driver. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, hakuna toleo la awali lililohifadhiwa, na hapo ndipo nukta ya kurejesha itakapohitajika.