Kinachotutisha si jiko, ni biriani

Jioni, watu wakiteremka kwa wingi kuelekea kivuko cha Likoni mjini Mombasa, pale Feri wanapokewa na harufu ya mafuta ya moto: viazi karai, bhajia, mihogo, mishkaki juu ya makaa. Wengi chakula chao cha usiku hukimalizia hapo. Uliza kwa nini, na jibu halikawii: kupika nyumbani ni kazi ngumu.

Imani hiyo ina chanzo. Mapishi ya Mombasa yakitajwa, fikira hukimbilia biriani na pilau, vyakula vya harusi na Idi, ambavyo hupikwa kwa masufuria makubwa na watu wakisaidiana. Anayelipima jiko lake dogo kwa biriani hana budi kukata tamaa. Tena mama zetu walipika kwa kukisia: chumvi kwa vidole, tui kwa jicho. Elimu hiyo huipata aliyekaa jikoni. Kijana aliyelelewa akiambiwa “nenda kasome” hakuipata, na siku anapopanga chumba chake anajiona hajui lolote.

Taabu ipo kweli. Mbaazi hutaka kulowekwa usiku kucha na kuchemshwa kwa muda mrefu, na makaa au gesi ni pesa. Ndiyo maana hata Mji wa Kale watu wamezoea kununua mbaazi na mahamri ya asubuhi kwa jirani, na hakuna anayewaita wavivu. Kupika nyumbani hakulazimishi kupika kila kitu.

Anayeanza na aanze na mchicha wa nazi. Nazi huuzwa ikiwa imeshakunwa, kwa hiyo mbuzi ya kukunia si lazima. Itie maji, chuja tui zito, liweke kando. Tia maji tena upate tui jepesi. Bandika mchicha, kitunguu, nyanya na chumvi katika tui jepesi. Mchicha ukiiva, mimina tui zito, punguza moto, koroga taratibu lisikatike. Likichemka kidogo, epua. Ugali ukiwa tayari, watu wanakula.

Mzazi, mwite mwanao jikoni, wa kike na wa kiume, na usingoje Idi. Mwite Jumanne, siku ya mchuzi wa kawaida, umwachie mwiko akoroge yeye. Akiuweza mchuzi huo, ana cha kula maisha yake yote. Biriani atajifunza baadaye.