Somo la Hesabu: Namba Zilizo Chini ya Sifuri

Leo hesabu yetu tutaifanya uwanjani. Tokeni nje, kila mmoja na kijiti chake na jiwe moja. Mwenye redio aiweke dirishani.

Simama ukitazama kaskazini. Chora mstari mrefu mchangani, toka mkono wa kushoto mpaka mkono wa kulia. Weka jiwe katikati. Jiwe hilo ni Tabora, nalo ni sifuri. Kulia, mashariki, ni njia ya Bagamoyo. Kushoto, magharibi, ni njia ya Ujiji. Ndiyo njia ya misafara ya zamani, waliyopita wapagazi wa Kinyamwezi na mizigo mabegani.

Sasa tia alama za vituo, kila kituo mwendo wa siku moja. Kulia andika 1, 2, 3, mpaka 8. Kushoto andika vivyo hivyo, lakini mbele ya kila namba tia kistari: -1, -2, -3. Kistari hicho husomwa “hasi”. Maana yake, kituo hicho kiko upande wa pili wa sifuri.

Tuseme mpagazi yuko kituo cha 5, mashariki. Anakwenda vituo 8 kuelekea magharibi. Tembea naye. Vituo 5 vimemfikisha Tabora. Je, safari imekwisha? La, vimebaki 3. Basi amefika hasi tatu. Tunaandika: 5 – 8 = -3. Labda uliwahi kuambiwa kwamba 8 haitoki katika 5. Inatoka, kwa sababu njia haiishii Tabora.

Sasa usimamishe mstari wako kama mti. Huo ndio mstari wa kipimajoto. Maji huganda kwenye sifuri ya Sentigredi. Hapa Tabora hatuoni maji yakiganda nje, lakini kilele cha Kilimanjaro, chenye urefu wa mita 5,895, kina barafu. Pia zahanatini kuna jokofu la chanjo.

Chanjo hizo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Tuseme jioni kipimajoto kinaonyesha 5, na usiku baridi inazidi, kinashuka nyuzi 8. Asubuhi kitaonyesha nini? Ni safari ile ile ya mpagazi: -3. Asiyekiona kistari atasoma 3, aseme, “Vema, iko kati ya 2 na 8.” Kumbe chanjo ya pepopunda ikiganda huharibika, hata ikiyeyuka haifai tena. Mama atachanjwa, naye hatakuwa na kinga. Kistari ni kidogo, lakini kazi yake ni kubwa.

Zoezi. Kwanza: kipimajoto kiko -3, kinapanda nyuzi 7. Kimefika wapi? Pili: ipi ni baridi zaidi, -1 au -6? Usikisie. Tembea juu ya mstari wako.

Majibu: 4, na -6, kwa kuwa iko mbali zaidi chini ya sifuri. Aliyekosea asione haya. Arudi kwenye jiwe, aanze safari upya.

Kwa herini.