Kasino za Simu: Kaunti Ina Mamlaka Gani?

Kila bonasi ya majani chai inapolipwa, wazazi wa Othaya, Tetu na Mathira hurudia lalamiko lile lile: pesa zimeingia kwenye simu ya kijana asubuhi, na kufikia jioni zimeliwa na kasino ya mtandaoni. Swali wanalomuuliza MCA wao, yaani mwakilishi wa wadi, ni moja. Ikiwa kaunti inaweza kufunga baa isiyo na leseni, inashindwaje kufunga kasino hizi?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika Katiba ya mwaka 2010. Jedwali la Nne, linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti, linataja kamari mara mbili. Serikali kuu imepewa kamari na kasino za ngazi ya kitaifa. Kaunti nazo zimepewa kamari na kasino chini ya burudani za umma, katika orodha ile ile yenye leseni za pombe. Kwa hiyo zote mbili zina mamlaka, ila kila moja ina mipaka yake.

Mpaka wa kaunti unaonekana vizuri ukitazama mashine za sarafu, zile zinazoitwa bonanza. Mashine iliyowekwa nyuma ya duka mjini Karatina ina mahali inapokaa, ina mwenye chumba na ina biashara inayohitaji kibali cha kaunti. Mkaguzi anaweza kufika, akaitisha karatasi na akafunga mlango. Kasino ya simu haina mlango wa kufungwa. Mitambo yake huenda iko ng'ambo, pesa zinapita kwa huduma za simu, na mchezaji yumo ndani ya matatu. Kama kila kaunti ingekuwa na sheria yake ya mtandaoni, abiria anayetoka Karatina, Nyeri, kwenda Sagana, Kirinyaga, angekuwa amebadilisha sheria njiani bila kuinuka kwenye kiti.

Ndiyo maana Kenya imeweka kamari ya mtandaoni mikononi mwa serikali kuu. Sheria ya Kudhibiti Kamari, iliyotiwa saini Agosti 2025 na kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 1966, iliunda mamlaka moja ya kitaifa ya kusimamia sekta hii. Kampuni inayotaka kuchezesha Wakenya mtandaoni lazima ipate leseni ya kitaifa, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Tovuti inayojitetea kwa leseni ya Curaçao, au ya kisiwa cha Anjouan hapo jirani Komoro, haijapata ruhusa ya Kenya kwa leseni hiyo.

Marekani ilifuata njia nyingine. Huko kila jimbo hujitungia sheria zake za kamari, na ndipo zilipopenya kasino zinazojiita bahati nasibu za matangazo. Mchezaji hununua sarafu za kuchezea tu, zisizo na thamani, kisha anapewa sarafu za aina ya pili kama zawadi. Hizo za zawadi ndizo zinazoweza kugeuzwa kuwa dola. Kampuni hudai kwamba hiyo si kamari kwa kuwa hakuna anayelazimishwa kununua chochote. Wanasheria wa huko hupima mambo matatu: je, mtu ametoa kitu cha thamani, je, matokeo yanategemea bahati, na je, kuna tuzo? Yote matatu yakiwepo, hiyo ni kamari. Mwaka 2025 Montana ilizipiga marufuku, na California ikapitisha sheria yake iliyoanza kufanya kazi Januari 1, 2026. Majimbo mengine bado yanaziacha. Sisi tunaweza kukitumia kipimo hicho hicho kila tunapoahidiwa "sarafu za bure". Usitazame jina la mchezo. Fuata pesa inakoingia na inakotokea.

Hata penye leseni halali, hesabu haimpendelei mchezaji. Tangu Julai 2025, ushuru wa asilimia 5 hutozwa kwa pesa zinazowekwa kwenye akaunti ya kamari, na asilimia 5 nyingine hukatwa wakati wa kuzitoa. Kijana akiweka shilingi 1,000, za kuchezea ni 950. Tuseme hakushinda wala hakushindwa, akaamua kuzitoa zote: anakatwa 47.50 na kubaki na 902.50. Amepoteza karibu shilingi mia moja, na kampuni yenyewe bado haijachukua faida yake. Ushuru huo nao hauendi moja kwa moja kwa kaunti, maana Kifungu cha 209 cha Katiba kinaiachia serikali kuu pekee ushuru wa bidhaa na kodi ya mapato.

Je, basi kaunti haina la kufanya? Inalo, tena kubwa. Inaweza kukataa kibali cha chumba cha kamari kilicho karibu na shule. Inaweza kukagua baa zinazoficha mashine. Na kwa kuwa huduma nyingi za afya zimegatuliwa, ni wajibu wake kuhakikisha kijana aliyenaswa na kamari anapata mshauri katika hospitali ya kaunti, iwe Nyeri, Nanyuki, Kerugoya, Embu au Meru. Leo familia nyingi zinabeba mzigo huu peke yao, na hilo halifai kuendelea.

Kwa hiyo, msomaji, peleka lalamiko lako panapostahili. Mashine ikiwa mtaani kwako, mwone MCA na ofisi ya biashara ya kaunti. Ikiwa ni tovuti au programu ya simu, piga picha ya skrini, andika jina la kampuni na nambari ya Paybill, hifadhi ujumbe wa malipo, kisha uwasilishe yote kwa mamlaka ya kitaifa. Ukitaka kiwango cha ushuru au sheria yenyewe ibadilishwe, mtafute mbunge wako na seneta wako. Na mswada wa fedha unapoletwa kwa maoni ya umma kila mwaka, hudhuria useme. Bunge halitajua yanayotupata hapa mlimani tukinyamaza.