Mwili wa mkata miwa
Ukitoka Jinja kwa barabara ya Iganga, ukishapita Wanyange utafika Kakira, ambako Muljibhai Madhvani alianzisha kiwanda cha sukari mwaka 1930. Wapita njia wakimwona mkata miwa husifu mikono yake. Mimi humtazama kiuno.

Pigo la panga huanzia miguuni. Misuli ya mapaja na makalio husukuma, nyonga hugeuka, kiwiliwili hufuata, na bega ndilo la mwisho kuipokea nguvu hiyo. Nyonga imeumbwa kubeba: kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya kikombe chake. Kikombe cha bega hakina kina, ndiyo maana mkono huzunguka utakavyo. Lakini mfupa wake hutegemea misuli minne midogo na kano zake ili usichomoke. Kano hizo ndizo zinazochakaa kwa pigo lile lile kutwa nzima.

Kiwiko ni bawaba. Msuli hujua kuvuta tu, haujui kusukuma, hivyo wa mbele hukunja mkono na wa nyuma huunyoosha. Sasa kunja ngumi, huku mkono mwingine ukiwa umeshika kigasha, chini kidogo ya kiwiko. Umehisi nyama inavyokaza? Misuli mikubwa ya kukunja vidole imekaa huko. Vidoleni hufika kano tu. Mtu aliyeshika mpini tangu alfajiri huumwa karibu na kiwiko.

Tatizo kubwa ni kuinama. Sukari nyingi imo chini ya muwa, kwa hiyo panga sharti lipite karibu na ardhi. Anayeinama bila kukunja magoti huiachia misuli ya mgongo kazi ya kuzuia kiwiliwili kizima, na sahani za gegedu kati ya pingili za chini hubanwa vibaya.

Mgongo ukiuma, watu hununua diklofenaki dukani, na hapo figo huingia katika habari hii. Figo mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, nazo hurudisha karibu yote mwilini. Misuli inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nishati yake hugeuka joto; mtu hutoka jasho, maji ya damu hupungua, na figo hupata damu kidogo. Dawa za aina ya diklofenaki huzidi kuibana mishipa inayozilisha. Huko Nicaragua na El Salvador, wakata miwa vijana, wasio na kisukari wala shinikizo la damu, wameharibikiwa figo, na joto pamoja na upungufu wa maji vinashukiwa kuliko yote. Baadhi ya mashamba ya huko sasa yana vivuli, maji na mapumziko ya lazima. Mkojo ukitoka na rangi ya chai ya rangi baada ya kazi ya juani, huenda misuli imevunjika na protini yake inaziba figo: usinywe kidonge kingine, nenda hospitali siku hiyo hiyo.