Unga Unakamatwa, Nahodha Anaachiwa

Kwa kuwa nasoma sheria, wenzangu huniuliza: inakuwaje manowari ikamate unga, halafu mabaharia waachiwe waende zao? Mwaka 2014 meli ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi nje ya pwani ya Kenya. Kati ya mifuko ya saruji zilifichwa kilo 1,032 za heroini. Mzigo uliteketezwa.

Jibu liko kwenye sheria ya bahari. Haramia anaweza kushtakiwa na nchi yoyote inayomkamata. Msafirisha unga sivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988, kifungu cha 17, unataka kwanza idhini ya nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake. Jahazi lisilo na bendera hupekuliwa, lakini kumshtaki nahodha kunahitaji nchi ambayo sheria zake zinafika huko, na iliyo tayari kupokea watu na ushahidi. Isipopatikana, mzigo unamwagwa na ushahidi unazama nao.

Kwa hiyo, naona, manowari peke yake hazitoshi. Tunahitaji makubaliano ya kupokeana watuhumiwa. Bila hayo nahodha atarudi kazini, na unga wa safari ijayo utawafikia vijana wa rika letu, Mombasa na Dar es Salaam.