Mtoto Asiyetaka Kuamka



Hapa Chaka, saa kumi alfajiri kuna nyumba ambazo taa tayari zinawaka. Mama wa sokoni amewasha jiko, na mtoto wa gredi ya tano anavutwa blanketi. Haamki. "Huyu ni mvivu kweli kweli," tunasema. Kabla hatujasema hivyo tena, hebu tuangalie kilichomo ndani ya hicho kichwa.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4. Hiyo ni asilimia 2 hivi ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nguvu tunayopata kwa chakula. Shina lake, linaloshuka kuelekea shingoni, huendesha pumzi na moyo bila sisi kufikiri. Kisogoni kuna ubongo mdogo, unaopanga mwendo ili mtu asipepesuke akibeba debe la maji. Juu ni ubongo mkubwa, umekunjamana kama kitambaa kilichofinywa mkononi, na sehemu yake ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo ya kupanga, kusubiri na kujizuia.

Mtoto huzaliwa na ubongo wa karibu robo ya uzito huo. Akifika miaka sita, umefikia karibu asilimia 90. Hapo wengi wetu hudhani kazi imeisha. Wapi! Njia za ndani bado zinaunganishwa, zisizotumika zinakatwa, na ile sehemu ya mbele hukomaa mtu akishapita miaka 20. Kijana wa miaka 15 anaweza kuwa mrefu kama babake, lakini breki zake bado ziko gereji.

Kazi hii inahitaji usingizi. Usingizi huenda kwa mizunguko, kwa mtu mzima kila mmoja kama dakika 90. Mwanzoni mwa usiku usingizi mzito ndio mwingi: mwili hutoa homoni ya kukua, na mambo ya darasani huanza kupangwa yakae kwenye kumbukumbu. Kuelekea asubuhi huzidi usingizi wa ndoto, ule ambao macho huchezacheza chini ya kope. Mtoto mchanga hutumia karibu nusu ya usingizi wake katika hali hiyo. Kwa hivyo ukimwamsha mtoto saa kumi, unakata hasa kile kipande cha ndoto.

Tena ubongo una saa yake, na mwanga ndio huirekebisha. Huku kwetu karibu na ikweta jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, basi saa kumi ni giza, iwe Januari au Julai. Mtoto akibalehe, saa hiyo huchelewa, na usingizi humjia hata saa moja au mbili baadaye kuliko zamani. Akikuambia hasikii usingizi saa tatu usiku, si lazima awe anadanganya.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu Wahadza, wawindaji wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania. Watu wazima 33 walivaa kifaa mkononi kwa siku 20. Katika muda wote huo, wakati ambao wote walikuwa wamelala pamoja ulifika dakika 18 tu! Wenye umri mkubwa walilala na kuamka mapema, vijana wakachelewa. Nyumbani kwetu ni hivyo hivyo: babu anakohoa jikoni saa kumi, mjukuu bado yuko fofofo.

Mwaka 2016 madaktari wa usingizi wa Marekani walipendekeza saa 9 hadi 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa kijana wa miaka 13 hadi 18. Sasa tupige hesabu. Mtoto wa miaka kumi anayeamshwa saa kumi lazima awe amelala saa moja jioni ndipo apate hizo 9. Saa moja jioni mama hata hajafunga kibanda!

Nyumbani kuna ya kufanya bila pesa. Sare na vitabu vipangwe jioni. Simu isilale na mtoto. Chai ya majani mengi usiku apunguziwe, maana ile kafeini huziba ujumbe wa uchovu usisikike ubongoni.

Lakini la saa ya kuamka halimalizwi nyumbani. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 ziliweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu mchana. Masomo ya alfajiri mara nyingi ni mapatano ya shule na sisi wazazi, na sisi ndio tunaolipa. Wanakikundi wenye watoto katika shule moja wanaweza kwenda pamoja kwenye mkutano wa wazazi na kuuliza: basi la kwanza hutoka saa ngapi, nani alipanga hivyo, na mtoto anayechukuliwa wa kwanza anatarajiwa kulala saa ngapi?