Upepo Ndani ya Breki

Mwendesha pikipiki wa Mbozi Mission ateremkapo mlima na abiria, uhai wao hutegemea mafuta machache yaliyomo katika mpira wa breki. Kanuni ya Pascal yatufundisha kwamba kanieneo katika kiowevu kilichofungiwa huenea pande zote sawasawa. Ndiyo maana mkono ubanapo wenzo, pistoni huzisukuma pedi zikaibana diski. Lakini hewa, tofauti na mafuta, hushindilika kwa urahisi. Kiputo kikiingia, nguvu ya mkono huishia humo, na wenzo huwa laini kama sifongo.

Tiba yake mafundi huiita "kutoa upepo". Jaza kopo la mafuta ya breki. Chomeka mpira mwembamba katika skrubu ya kutolea upepo, ncha ya pili izame katika chupa yenye mafuta hayo. Bana wenzo, legeza skrubu, kisha ikaze kabla ya kuuachia. Rudia hadi viputo viishe, wala usiache kopo likauke.

Wenzo ukizama polepole ungali umebanwa, tafuta mvujo au raba ya pistoni iliyochakaa. Ukilegea baada ya mteremko mrefu tu, shuku mafuta ya zamani: hunyonya unyevu, yapatapo moto huchemka, na mvuke wake hushindilika kama hewa.